Jibu Langu Ndilo Lililomnyima Mume Wangu Kibali

Yule mtu alijua bei ya kitanda chetu.

Sikumwambia mimi. Alikaa kwenye kiti cha mume wangu, akakunja nne, akafungua daftari lenye jalada la kijani, akaniambia:

"Kile kitanda mlinunua kwa fundi wa karibu na soko. Elfu kumi na nne. Mlilipa kwa awamu mbili. Sivyo, mama?"

Sikuwahi kumwona yule mtu maishani mwangu.

Nikajikuta nimeitika tu. "Ndiyo."

Akaendelea. Alijua shule niliyosoma. Alijua mama mkwe wangu alizikwa mwaka gani. Alijua binti yetu Larissa alichanjwa wapi, na nani alimbeba siku hiyo.

Kuna kitu kimoja tu alikuwa hakijui. Akaniuliza.

Nikamdanganya.

Haya yalitokea Gisenyi, Rwanda, mwishoni mwa mwaka tisini na saba. Siku hizi wanapaita Rubavu. Nimekaa nayo miaka yote hii, na leo nimeamua kuyaandika yote, yenye aibu na yasiyo na aibu.

Naitwa Kabatesi. Nilizaliwa Karagwe, Tanzania. Wazazi wangu walikimbilia huko zamani. Mwaka tisini na tano nikarudi kwenye nchi ambayo sikuwahi hata kuikanyaga, nikiwa na mume, mtoto mchanga na godoro moja.

Mume wangu aliitwa Gasana. Naye alikulia Tanzania. Alisomea ufundi wa redio Mwanza. Sio redio za muziki. Zile za mawasiliano, za kuongea kutoka mlima huu mpaka ule.

Akaajiriwa na ofisi moja ya serikali, jina lake naliacha. Tukapangiwa Gisenyi. Tukapanga vyumba viwili vya uani kule Nengo. Ziwa tulilisikia ila hatukuliona, ukuta wa mwenye nyumba ulikuwa mrefu.

Gasana alikuwa mpole mpaka anaudhi. Ukimkosea anakuuliza kama umekula.

Sasa, kazi yake ilikuwa kupanda milima kutengeneza antena. Na njia ya kwenda kwenye hiyo milima ilikuwa barabara ya Ruhengeri.

Wa umri wangu wanakumbuka ile barabara ilikuwaje mwaka ule. Magari yalikuwa yanaviziwa na waasi. Watu walikuwa wanakwenda kwa msafara, na hata msafara haukuwa dawa. Jirani yetu Nyiraneza alikuwa akisikia mtu anakwenda Ruhengeri anamwangalia usoni kwanza, kama anataka kumkariri.

Siku za zamu yake Gasana alitoka saa kumi na mbili asubuhi. Mimi nilikuwa siwezi kula mpaka arudi. Sio kwamba nilifunga. Chakula kilikuwa hakipiti.

Mwezi wa kumi akarudi nyumbani anacheka peke yake.

"Mama Larissa, kuna nafasi imetoka. Chumba cha ujumbe."

"Ndiyo nini hicho?"

"Ujumbe wa siri unaingia kwa namba, mtu anaugeuza kuwa maneno. Wako watatu tu. Mmoja anahamia Kigali. Mkuu ametaja jina langu."

"Na barabara?"

"Hakuna barabara. Meza na kiti. Hapa hapa mjini."

Jamani, nilipiga magoti palepale jikoni. Nilikuwa napepeta maharage, yakamwagika yote, wala sikuyaangalia.

"Ila lazima nipate kibali," akasema.

"Cha nini?"

"Cha usalama. Wanakuchunguza kwanza. Mimi, wewe, ndugu, marafiki. Na pesa."

"Pesa zetu wachunguze nini? Hazipo!"

Akacheka. "Ndiyo hivyo. Wanasema mtu mwenye madeni ananunulika. Adui akijua unadaiwa, anakuja na bahasha."

Nikainama kuokota maharage. Niliokota muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kwa sababu mimi nilikuwa nadaiwa.

Iko hivi.

Tulipofika Gisenyi nilianza kuuza vitenge. Nilikuwa navuka mpaka wa Petite Barrière asubuhi, naingia Goma upande wa Zaire, nachukua mzigo mdogo kwa mfanyabiashara mmoja anaitwa Wenceslas, narudi kuuza. Gasana alijua.

Halafu ofisi yake ikaanza kunung'unika. Mke wa fundi wa mawasiliano anavuka mpaka kila siku, kwa nini? Anaongea na nani huko?

Gasana akaniomba niache. Aliniomba, hakuniamrisha.

Nikamwahidi nimeacha.

Sikuacha. Tulikuwa tumepata kiwanja kidogo kwenye kilima cha Rubavu, pembeni ya mji, kuta zimesimama, mabati hakuna. Nikawaza, nikipiga mzigo mmoja mkubwa naezeka, halafu ndio naacha kweli. Mtu wa biashara anajua hii akili. Mzigo mmoja tu, halafu basi.

Oktoba tisini na sita nikachukua vitenge vya faranga laki moja na themanini elfu. Kwa mkopo. Nikaviweka kwenye stoo ya mtu kule Birere, upande wa Goma, nivivushe kidogo kidogo.

Kabla mwezi haujaisha vita vikaingia Goma.

Tulisikia milio kutoka kwetu kama iko chumba cha pili. Mpaka ulipofunguka nikaenda. Stoo ilikuwa haina kitu. Hata mlango waliondoka nao.

Wenceslas alikuwa amesimama pale nje, kofia mkononi.

"Mama Larissa, mi najua hii si makosa yako. Lakini vikwembe ulishachukua, na we mwenyewe njo uliacha humu. Deni iko yako."

"Nitalipa yote. Ila nakuomba kitu kimoja. Mume wangu asijue."

Akanitazama.

"Bon. Hatajua."

Ndivyo ilivyoanza. Nilikuwa nafuma masweta ya shule kwa mashine ya kukodi. Gasana akiuliza pesa, namwambia wateja wasumbufu. Kila Jumamosi namwambia nakwenda mazoezi ya kwaya. Kwaya nakwenda kweli, lakini nachelewa, kwa sababu kwanza napitia Petite Barrière kumpa Wenceslas chochote nilichonacho.

Na nyumbani hali ikawa ngumu. Mwaka tisini na saba wote tulikula maharage mpaka Larissa akaanza kuyakataa kwa jina. Gasana aliacha bia, akasema tumbo linamsumbua. Akasema ofisini wanakata mishahara, michango haiishi. Viatu vyake vilitoboka soli akaweka kipande cha mpira wa gari.

Mimi nikajisemea, hii ofisi haina huruma.

Sasa turudi kwa yule mtu wa daftari la kijani.

Aliitwa Rugema. Alikulia Uganda, Kiswahili chake kilikuwa cha kambi ya jeshi, kifupi, hakina mapambo. Shati jeupe, viatu vimepigwa rangi. Hakuwa mkali. Labda angekuwa mkali ningemwogopa vizuri.

Aliniuliza maswali kama saa nzima. Ndugu zangu walioko Goma. Watu wanaokuja kututembelea. Kama Gasana anapiga mke. Kama anaongea usingizini.

Halafu akageuza ukurasa.

"Katika nyumba hii kuna deni? La kwako, la bwana, la familia. Lolote."

Maneno ya Gasana yakanijia. Mwenye madeni ananunulika.

Nikapiga hesabu haraka sana kichwani. Nikisema lipo, kibali hakuna. Kibali hakuna, kiti hakuna. Kiti hakuna, barabara ya Ruhengeri ipo.

"Hatuna," nikasema.

"Fikiri vizuri, mama. Mimi sina haraka."

"Hatuna deni hata la chumvi."

Akaandika. Akanishukuru kwa chai ambayo hakuinywa.

Alipotoka nilijisikia shujaa. Nawaambieni ukweli. Nilihisi nimemwokoa mume wangu.

Baada ya hapo Gasana akaitwa kuhojiwa. Mara ya kwanza akarudi kawaida. Mara ya pili akarudi amechelewa na hakutaka kuongea. Mara ya tatu, katikati ya Desemba, alirudi mchana, akakaa uani, akamchukua Larissa akampakata mpaka mtoto akalala mikononi mwake. Naye hakumlaza ndani. Akaendelea kukaa naye.

"Wamekuuliza nini?"

"Yale yale."

"Umewajibu?"

"Nimewajibu."

Barua ikaja wiki ya pili ya Januari. Mistari minne. Ombi la kibali halikukubaliwa. Mhusika aendelee na majukumu yake ya awali.

Majukumu ya awali. Nilisoma hayo maneno mara tatu. Yaani antena. Yaani mlima. Yaani ile barabara.

Nikalia kwa sauti mpaka Nyiraneza akaja. Gasana ndiye aliyeninyamazisha. Hebu fikiria, aliyenyimwa ndiye anayembembeleza aliyemnyimisha.

"Si mwisho wa dunia, Kabatesi. Barabara siku hizi imetulia kidogo."

Haikuwa imetulia. Wote tulijua.

Jumapili iliyofuata alisema twende ziwani. Tulikuwa hatujaenda muda mrefu. Tukanunua mahindi ya kuchoma, tukakaa kwenye ukuta mdogo, Larissa anarusha mawe majini. Jua la mchana, upepo baridi. Watu wamevaa nguo za kanisani wanapita wanasalimiana.

Gasana akaniambia bila kunitazama:

"Mama Larissa. Kuna kitu chochote unataka kuniambia?"



Nilitaka. Naapa nilitaka. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Halafu nikawaza: kibali ameshakosa, sasa nimwambie deni ili iweje? Ili aende barabarani na hasira? Ngoja nimalize kulipa, nitamwambia kama hadithi iliyopita.

"Hapana," nikasema. "Na wewe?"

Akamwangalia Larissa na mawe yake.

"Hapana. Na mimi sina."

Akanimegea hindi lake, ule upande ulioiva vizuri. Tukala.

Mazungumzo yenyewe ndiyo hayo. Nimeyarudia kichwani kuliko sala yoyote niliyofundishwa.

Alhamisi moja mwezi wa pili, saa tisa alasiri, nilikuwa kwenye mashine ya kufuma. Mlango wa uani ukagongwa. Alikuwa Sano, fundi mwenzake Gasana, mtu wa masihara mengi. Siku hiyo hakuwa na utani. Nyuma yake alisimama mkuu wao.

"Mama Larissa, keti," Sano akasema.

"Nimekaa tayari. Niketi wapi tena?"

Akaanza kulia yeye kwanza.

Gari la mbele lilipita. La pili halikupita. Gasana alikuwa kwenye la pili, amekaa nyuma na boksi la vifaa. Siwezi kuandika zaidi ya hapo, na hata Sano hakuniambia zaidi ya hapo.

Tulimzika Jumamosi. Ile saa ambayo siku nyingine ningekuwa mpakani kwa Wenceslas, nilikuwa makaburini.

Siku ya nne ya matanga Rugema akaja.

Aliingia uani, akavua viatu, akakaa kwenye mkeka na wanaume wengine. Akawa anawapa watu pole mmoja mmoja na wao wanaitikia. Nilipomwona damu ikanichemka. Nikanyanyuka katikati ya wanawake wenzangu, Nyiraneza akanishika kitenge, nikakivuta.

"Wewe! Umekuja kuangalia nini? Mmemuua! Mngempa kile kiti angekuwa hai! Mmemuua mtu kwa sababu ya deni!"

Watu wote wakanigeukia. Hata watoto.

Rugema akanyanyua uso polepole.

"Deni gani, mama?"

Hapo ndipo nikajisikia nimeropoka.

Akasimama. Akaniomba tukakae kando, kwenye benchi la jikoni. Nyiraneza akaja akakaa nasi, hakutaka kuniacha.

"Mama, nisikilize," Rugema akasema. "Deni halimnyimi mtu kibali. Nusu ya watu wa kile chumba wanadaiwa. Mimi mwenyewe nadaiwa. Tunaandika ni kiasi gani, ni la nini, analipaje. Akilipa vizuri tunampitisha."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu ya kuficha. Kila mwisho wa mwezi Gasana alitoa elfu kumi, akampa mtu anayevuka Goma kila siku. Tangu Februari mpaka Desemba. Mtu anayetaka kushika siri za serikali, wakati kama huu. Nikamwuliza, hii pesa ni ya nini? Akanyamaza."

Nilikuwa sielewi. Nilidhani amekosea mtu.

"Alimpa nani?"

"Anaitwa Wenceslas. Mwuza vitenge."

Nyiraneza anasema nilitoa sauti. Mimi sikumbuki.

Rugema akaendelea, taratibu, kama anasoma.

"Nilimwita mara tatu. Mara ya tatu nikamwambia: Gasana, mke wako nilimwuliza, akasema hakuna deni. Wewe kila mwezi unalipa kitu. Mmoja wenu ananidanganya. Ni nani?"

"Akasema nini?"

"Akasema, andika mimi."

Nilishika ubao wa benchi kwa mikono miwili.

"Nikamweleza maana yake," Rugema akasema. "Akasema anajua. Akasema, andika mimi, mwache mke wangu. Sikuelewa. Nilimpa nafasi nyingine. Barua ilipotoka nilimwambia mwenyewe kwa mdomo, ana siku thelathini kuleta maelezo. Karatasi moja tu. Amekufa amebakiza siku tisa."

Basi nikamwambia. Nikamwambia yote, mbele ya Nyiraneza. Vitenge, stoo, Birere, kwaya ya Jumamosi.

Rugema alitikisa kichwa.

"Siku ile," akasema, "ungeniambia lipo, ningeandika mstari mmoja. Halafu ningekunywa chai yako, nikaenda."

Sikusubiri matanga yaishe. Kesho yake asubuhi nikamwachia Nyiraneza mtoto, nikatembea na nguo zangu za msiba mpaka Petite Barrière. Wanawake wa mizigo walinipisha. Walishasikia.

Wenceslas aliponiona alikaa chini kwenye gunia.

"Mama, nilikuwa nataka kuja kwako. Miguu inakataa."

"Mume wangu alijuaje?"

"Mwaka jana, mwezi wa pili. Alikuona hapa na mi. Hakusema kitu. We ulipoenda, akanifuata. Akaniuliza, mke wangu anadaiwa ngapi? Nikamwambia. Akasema atalipa, lakini we usijue."

"Kwa nini nisijue?"

Wenceslas akafuta uso kwa kofia.

"Nilimuuliza ile ile. Akasema, akijua kama mi najua, atasikia haya, ile aibu, mbele yangu. Mi sitaki asikie haya ndani ya nyumba yake."

Nilikaa na mimi. Chini kabisa, kwenye vumbi la mpakani, watu wanapita na vikapu vya sambaza, dagaa wa ziwani, kichwani.

Akatoa daftari lake mfukoni. Akanionyesha kurasa mbili. Ukurasa mmoja umeandikwa Mama L. Mwingine umeandikwa Bwana G.

Kwangu, elfu sabini na sita.

Kwake, laki moja na elfu kumi.

Nilijumlisha kwa kidole kwenye vumbi. Nikarudia.

"Wenceslas. Deni lilikuwa laki moja na themanini."

"Ndiyo, mama."

"Limekwisha."

"Limekwisha tangu Krismasi. Limepita kwa elfu sita."

"Na muda wote ulikuwa unachukua pande zote mbili."

Hakujitetea sana, lazima nimtendee haki. Alisema vita vilimmaliza na yeye. Alisema mwanzoni aliwaza, nitawaambia wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa na shida zake. Na kila mmoja wetu alikuwa amemwapisha asimwambie mwenzake, kwa hiyo hata alipotaka kusema alikuwa hajui aanzie kwa nani.

"Kila mutu aliniambia: usimwambie," akasema. "We unalia, yeye ananibembeleza. Mi ningefanya nini?"

Nikakumbuka viatu vyenye mpira wa gari. Lile tumbo lililomkataza bia. Ile mishahara iliyokatwa. Ofisi haikumkatia hata senti. Alikuwa anajikata mwenyewe, na mimi najikata, kwenye meza ile ile, sahani ile ile ya maharage, kila mmoja anamwonea mwenzake huruma kimyakimya.

Na ile barua ya Januari ilipofika mlangoni, nyumba yetu ilikuwa haidaiwi na mtu yeyote duniani. Uongo niliomwambia Rugema ulikuwa umeshageuka kweli. Hakuna aliyejua. Sio mimi, sio Gasana, sio Rugema na daftari lake linalojua bei za vitanda.

Aliyejua ni Wenceslas peke yake. Na Wenceslas alikuwa ameapishwa.

Alininyooshea elfu sita. Watu wengi nikiwasimulia wanadhani nilimtupia usoni. Hapana. Nilizichukua. Nilikuwa na mtoto wa miaka mitatu na sina mume. Zilinunua unga, sabuni na mafuta ya taa.

Wiki iliyofuata nikaenda ofisini kwa Rugema. Sijaitwa. Nikamwambia nataka kuona faili la mume wangu.

"Siwezi kukuonyesha."

"Basi nisomee mstari wa mwisho tu."

Akainuka akafunga mlango. Akasoma:

"Mhusika hakuwa mkweli kuhusu fedha zake."

"Ufute."

"Katika faili hatufuti, mama. Tunaongeza tu."

"Basi nipe karatasi niongeze."

Akanipa. Niliandika kwa Kiswahili, kwa sababu Kinyarwanda changu cha kuandika kilikuwa kibovu na Kifaransa sikujua. Niliandika kwamba deni lilikuwa la Kabatesi. Kwamba Kabatesi aliulizwa akadanganya. Kwamba Gasana hakumdanganya mtu, alinyamaza kwa ajili ya mke wake, na kwamba deni lenyewe limelipwa lote, mpaka likazidi. Nikaweka tarehe, nikasaini.

Rugema akaisoma akiwa amesimama. Akagonga muhuri. Akaitoboa matundu mawili, akaiingiza kwenye faili juu ya ile nyingine.

"Haitabadilisha kitu," akasema.

"Najua."

Nikatoka nje. Nilijiona mchafu na mwepesi kwa wakati mmoja, sijui kama mtu anaweza kuelewa.

Sikuolewa tena. Ile nyumba ya Rubavu niliiezeka miaka mitano baadaye, kwa masweta. Wenceslas alifariki, nilienda kumzika. Mimi na yeye tulikuwa watu wawili peke yetu tuliojua vizuri Gasana alikuwa mtu wa namna gani.

Mwezi uliopita Larissa alileta mchumba nyumbani. Kijana mzuri, anaitwa Mugisha. Tulipomaliza kula niliwakalisha. Nikamwambia kila mmoja aseme anadaiwa na nani, faranga ngapi, mbele ya mwenzake.

Larissa akaona aibu. "Mama, jamani!"

Nikamwambia sitoi baraka kabla hawajasema.

Kijana akakohoa. Akataja mkopo wa pikipiki. Larissa akamgeukia kwa mshangao, halafu naye akataja wake, wa simu na wa rafiki yake wa kazini. Ilichukua robo saa. Mwishowe walikuwa wanacheka.

Nikaingia jikoni kuosha vyombo, nikafungua maji kwa nguvu ili wasinisikie.

Wewe unayesoma hapa, kama kuna kitu unamficha mwenzio, na sababu yako ni kwamba unampenda, nisikilize. Inawezekana na yeye ameshakijua. Inawezekana anakibeba upande wake, usiku na mchana, ili wewe usione aibu. Na mnaweza kuishi hivyo, mnapeana mahindi, mkaulizana kama kuna lolote, mkajibizana hakuna.

Mwenzangu aliniuliza mara moja tu, kwa upole, kando ya ziwa, na nilikuwa na jibu mdomoni.

Ukiulizwa, sema.